NENO "FUNGA" KATIKA MITAMBO YA MAJI: FUNZO KUTOKA BONDE LA KILOMBERO

Historia ya istilahi za ufundi nchini Tanzania haiwezi kuandikwa ofisini peke yake. Sehemu yake kubwa imo mabondeni na viwandani, mahali ambapo mtambo ulifika kabla ya jina lake. Katika makala haya tunakusudia kulitazama Bonde la Kilombero, na hasa kitenzi kimoja, funga, ambacho kimetwishwa mzigo kuliko inavyofaa.

Ifakara ilijulikana tangu zamani kwa mpunga na kwa kivuko cha mto. Katika miaka ya 1960 kilimo cha miwa na kiwanda cha sukari vilistawi upande wa kaskazini wa bonde. Kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, ikapita Ifakara na Mlimba. Mwaka 1975 umeme ulianza kuzalishwa Kidatu, kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu; na mitambo 4 ilipokamilika mwaka 1980, uwezo wake ulifikia megawati 204. Mwaka 2000 ulizinduliwa mradi wa Kihansi, wenye megawati 180, ambako maji hushuka zaidi ya mita 800.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, katikati ya mabadiliko hayo. Lakini fundi hakuweza kusubiri kikao. Alitumia neno alilokuwa nalo, na neno hilo mara nyingi lilikuwa funga.

Tutoe mfano. Vali ya kuzunguka ina sahani au tufe ligeukalo robo duara, yaani nyuzi 90, kuruhusu au kuzuia maji. Kinachoigeuza ni kiendeshi, kwa nguvu ya hewa, mafuta au umeme. Juu ya kiendeshi huwekwa kidhibiti, ambacho hupokea amri, hupima mahali vali ilipo, kisha hukiamuru kiendeshi kusahihisha tofauti. Mhimili wa kidhibiti usipolinganishwa na ule wa vali, kidhibiti kitasoma kwamba njia imezibwa hali maji yangali yakipita.

Sasa mfasiri aandike: "Funga kidhibiti, kisha funga vali." Funga ya kwanza ni kukaza kwa skrubu, ya pili ni kuzuia maji. Au je, ya pili nayo ni kukaza vali mahali pake? Hatari ni kubwa zaidi katika kinyume chake. "Fungua vali" kwa mwendeshaji ni kupitisha maji. Kwa fundi wa karakana ni kuivua vipande vipande. Penye bomba lenye shinikizo, tofauti hiyo ni tofauti ya uhai na mauti.

Lugha yetu haina upungufu hapa; upungufu ni wa mgawanyo wa kazi. Tunapendekeza hivi: kupachika kitumike kwa kuweka kidhibiti juu ya kiendeshi, kukaza kwa skrubu na nati, kusimika kwa mtambo mzima, kuvua kwa kutoa kifaa mahali pake, na kufumua kwa kutenganisha sehemu zake. Kufunga na kufungua vibakie kwa njia ya maji tu.

Vivyo hivyo kwa gavana. Jina hilo lilikuwa la mtawala wa kikoloni, na leo ni la mkuu wa Benki Kuu. Kifaa kinachotunza kasi ya mtambo wa umeme kinastahili jina la kazi yake: kidhibiti mwendo.

Wafasiri wa miongozo, walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wa zabuni ndio watakaoyapa maneno haya uhai au kuyaacha yafe. Tunawaomba wayajaribu kwanza mbele ya mafundi wenyewe, kwa sababu amri inayoeleweka kwa namna mbili bado haijatafsiriwa.