Ujiji: Sheria Inaujua Mlango, Dirisha Haina Habari Nalo

Katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 kuna sentensi inayomhusu seremala. Pamoja na masalia ya zamani, zana na majengo, sheria hiyo inalinda mlango wowote wa mbao, au fremu ya mlango, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kuuuza, kuubadilisha kwa kitu kingine au kuusafirisha nje ya nchi ni mpaka upate kibali. Dirisha halikutajwa.

Ipeleke sentensi hiyo Ujiji uone kinachotokea. Nyumba nyingi zilizobaki katika mitaa inayoteremka kwenye Ziwa Tanganyika ni za udongo au matofali mabichi, zimeezekwa bati, na umri wake hauzifikishi karne ya 19. Majengo ya kale zaidi yanapata ulinzi kwa umri wake tu; ya baadaye yanangoja waziri ayatangaze. Kwa hiyo ukuta hauna mtetezi, paa halina mtetezi, madirisha ndiyo kabisa, ila mlango wa nakshi uliosimama katikati ya ukuta huohuo una serikali nyuma yake. Mwenye nyumba anaweza kuvunja chumba kizima cha uani asiulizwe na mtu wa Mambo ya Kale, lakini akimuuzia mpita njia mlango wa babu yake bila kibali amevunja sheria.

Si kwamba walioandika sheria walikuwa na mzaha. Walikuwa na macho ya pwani. Ulinzi wa mambo ya kale Tanganyika ulianza na sheria ya mwaka 1937, na Idara ya Mambo ya Kale ilipoundwa mwaka 1957 mkuu wake wa kwanza alikuwa Neville Chittick, mtaalamu aliyejulikana kwa uchimbaji wa Kilwa. Kwenye miji ya pwani kila mtu aliona mambo yanavyokwenda: nyumba ya mawe haibebeki, mlango unabebeka. Tajiri anayeupenda anautia kwenye jahazi au melini, na baada ya miezi umegeuka meza ya sebuleni katika nchi ya mbali. Sheria ilifuata kinachokimbia. Dirisha la fito au la ubao mmoja nani angelipeleka Ulaya?

Ujiji iliingia kwenye hesabu hiyo kwa sababu ya njia ya misafara. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipofika hapo Februari 1858, baada ya zaidi ya miezi saba ya safari kutoka pwani, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwishatangulia, wakifuata pembe za ndovu na watumwa. Mpelelezi Henry Morton Stanley aliporudi mwaka 1876, miaka mitano baada ya kumkuta hapo mmisionari David Livingstone, aliukuta mji una sehemu mbili, Ugoy na Kawele, na matajiri wakikaa Ugoy katika matembe makubwa ya udongo yenye paa bapa na baraza pana mbele. Mwinyi Kheri alikuwa mkubwa wao. Baadaye likavuma jina la Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, mshirika wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara.

Tembe la namna hiyo liligeuzia mgongo barabara. Vyumba vilizunguka ua, hewa na mwanga vikitoka uani, na upande wa nje palikuwa na matundu madogo tu. Kwa nje, basi, palikuwa na vitu viwili vya kumwambia mgeni anaingia kwa nani: baraza na mlango. Mtu aliyetoka Unguja au Bagamoyo, aliyezaliwa mtaa ambao hadhi ya mwenye nyumba inasomwa mlangoni kabla hajatoka kukulaki, hakukubali kukaa Ujiji nyuma ya mkeka.

Lakini mlango huo ulifikaje? Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushei. Mlango wa nakshi wa mabawa mawili, pamoja na fremu yake, hauingii kwenye mzigo huo hata kwa kuulazimisha. Ni kweli Stanley alibebesha watu mashua yake, Lady Alice, kutoka pwani mpaka ziwani ikiwa vipande vipande, kwa hiyo mbao nzito hazikuwa muujiza. Ila mashua haikupatikana bara, na mbao zilikuwepo tele. Misitu ya miombo ya Uvinza na Unyamwezi imejaa mninga, mti ambao mchwa wanauogopa na patasi inaupenda. Kwa akili ya kawaida, kilichosafiri mara nyingi ni fundi na mfuko wake wa patasi, pengine na misumari ya shaba, na mti ukakatwa hukuhuku. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouita mlango wa Ujiji nakala ya wa Unguja. Mtindo ni wa pwani, mti ni wa bara, na mikono imechanganyika, kama wakazi wa Ujiji wenyewe: Waha, Wamanyema, Wabembe na waliokuja na misafara.

Tusimame kidogo mbele ya mlango wenyewe, maana ubomoaji wake unaeleweka ukijua ulivyoundwa. Mlango wa kale wa Kiswahili hauna bawaba. Kila bawa lina ncha mbili za mbao, juu na chini, zinazozunguka ndani ya matundu yaliyochimbwa kwenye kizingiti cha chini na cha juu. Katikati mnasimama mfaa, ule mti wa nakshi uliogongomewa kwenye bawa moja ili kuziba upenyo yanapokutana mabawa mawili. Kwa nje unafungwa kwa mnyororo na tumbuu, kwa ndani kwa komeo. Miimo ya pembeni inabeba nakshi za kamba, mawaridi na majani, na kizingiti cha juu ndicho chenye maandishi, kama yapo.

Zanzibar husimuliwa kwamba fremu ilikuwa ikisimamishwa kwanza, ukuta ukajengwa kuifuata. Iwe hivyo au la kwa kila nyumba, fremu ya namna hii imeumwa na ukuta. Haikutiwa baadaye kwenye tundu lililoachwa. Ukiing'oa, udongo unashuka nayo, na kwa kuwa mabawa yamefungiwa ndani ya fremu, huwezi kuchukua mabawa peke yake bila kuinua au kukata kizingiti. Kwa hiyo pale unapoona mlango wa nakshi umekatwa ncha na kutiwa bawaba za chuma, ujue umeshahama nyumba mara moja.

Dirisha liliingia kwa mlango mwingine, tena kwa reli. Mwaka 1878 maji ya Ziwa Tanganyika, yaliyokuwa juu sana, yalipasua kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Ufuko wa Ujiji ukarudi nyuma. Ndiyo sababu mnara wa kumkumbuka Livingstone leo umekaa mbali na maji kuliko msomaji wa historia anavyotarajia. Wajerumani walipotafuta bandari waliiacha Ujiji wakaenda kwenye ghuba yenye kina ya Kigoma. Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapo Februari 1914, kama kilomita 1,250 kutoka bahari, na Kigoma ikawa mwisho wa reli, jina ambalo watu wake bado wanalitumia kwa majivuno. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilifika kwa reli hiyo ikiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo Liemba ya leo. Mzigo wa kilo 30 ulikuwa umekwisha kazi. Sasa vioo, bawaba, vitasa na mbao zilizopasuliwa kwa mashine vingeweza kufika ziwani kwa mabehewa.

Stesheni ya Kigoma inaonyesha mabadiliko hayo. Inakodolea macho barabara na ziwa badala ya kuvipa mgongo: matao ya chini yanatoa kivuli, na matundu ya ukuta ni marefu, yamepangwa kukamata upepo. Wajenzi wa wakati huo waliogopa joto kwa sababu hawakuwa na feni. Dirisha lao lilifunguka lote, na shata za mbao zilifungwa mchana kuzuia jua huku hewa ikipenya kwenye luva. Mtindo huo ukashuka mpaka kwenye nyumba za watu. Wafanyabiashara wa Kihindi waliupokea kwa maduka yao, na seremala wa Ujiji akaanza kutengeneza madirisha ya mbao ya mabawa mawili yanayofungukia nje, pamoja na nondo za kuzuia wezi. Nyumba ileile ikawa na mlango wa Kiswahili na dirisha la zama za reli, na hakuna aliyeona ajabu.

Hilo dirisha la zama za reli ndilo linaloondoka sasa, kimyakimya, kwa sababu halina sheria wala mnunuzi. Fundi aluminiamu anapima tundu, anarudi na slaidi, yaani fremu yenye vioo vya kuteleza, na kufika jioni kazi imekwisha. Namwelewa mwenye nyumba. Mbao zimeoza chini, mchwa wamepanda, bei ya mninga imekwenda mbinguni, na slaidi inang'aa na kuja na wavu wa mbu. Lakini slaidi hufunguka nusu tu. Nusu nyingine ni kioo kilichosimama juani. Nyumba iliyopumua kwa miaka 60 inaanza kudai feni.

Kibaya zaidi ni kipimo. Tundu la zamani ni refu na jembamba kwa sababu ukuta wa udongo hauna lenta ya zege. Juu yake mna miti michache tu inayobeba uzito. Fundi akilipanua lifikie futi tano, miti inabaki mifupi na ufa unaanza kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari kuelekea paani. Kisha anaitwa mtu wa saruji. Plasta ya saruji juu ya udongo inafungia unyevu ndani, unyevu unatafuta mbao iliyo karibu, na iliyo karibu ni mwimo wa mlango. Hivi ndivyo mlango unaolindwa na sheria ya 1964 unavyouawa na dirisha ambalo sheria hiyo haikulitaja.

Kutengeneza kunawezekana. Mwimo huanza kuoza chini, pale matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini, na mara nyingi juu ya hapo mbao ni nzima kabisa. Seremala anayejua kazi hukata sehemu mbovu kwa mshazari, anaunga kipande cha mti wa aina ileile, anakipigia vigingi vya mbao na kuacha nakshi iliyobaki jinsi ilivyo. Wengi hupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Inazuia kidogo, lakini inaujaza mlango weusi unaonasa vumbi hadi nakshi zinapotea, na siku ukitaka kupaka rangi haishiki.

Unguja wana chombo cha kusimamia haya: Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, miaka 15 kabla mji huo haujaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Huko kubadili mlango au dirisha kunaombewa ruhusa. Watu wanalalamika, wengine wanapitisha usiku, lakini mazungumzo yapo. Ujiji imo tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO kama kituo cha njia ya kati ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu, sambamba na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Orodha ya awali haimzuii fundi aluminiamu.

Aliye na mlango asioujua umri wake aanze na kizingiti cha juu. Ukikuta tarakimu za Kiarabu, huo kwa kawaida ni mwaka wa Hijria. Mwaka 1357 ulikwisha Februari 1939, kwa hiyo mlango wenye tarakimu hizo au za chini yake umo ndani ya sheria bila ubishi. Wa 1358 una ubishi wa wiki chache, maana mwaka huo uliishia Februari 1940. Mwanasheria akitaka kugombana, uwanja upo. Mlango usio na tarakimu upigwe picha mbele na nyuma, pamoja na ncha na matundu yake, kabla fundi hajaugusa.

Na kama aluminiamu imeshanunuliwa na mama mwenye nyumba hataki kusikia habari za kuirudisha, ipelekwe uani, kwenye matundu yasiyohitaji kupanuliwa. Jikoni na stoo zitaipokea vizuri, na madirisha ya barazani yapewe seremala.