Stata inazunguka lakini gari haliwaki? Kagua viungio vya mafuta kwanza

Betri iko fiti, stata inazunguka vizuri, lakini injini haishiki. Mara nyingi utaambiwa "pampu imekufa", na hapo mfuko unaanza kutoboka. Kabla hujanunua pampu, fuatilia mipira ya mafuta na viungio vyake kutoka kwenye tanki hadi kwenye nozeli. Kama gari limetoka gereji juzi kubadilishiwa filta, anzia pale pale palipoguswa.

Weka swichi ON bila kupiga stata, sikiliza upande wa tanki. Kwenye magari mengi ya petroli pampu hulia kwa sekunde kama 2 halafu inanyamaza. Ila usikurupuke: zipo Toyota nyingi za zamani ambazo pampu haizunguki mpaka upige stata. Mwombe mtu apige, wewe usikilize. Kimya kabisa? Angalia fyuzi na rilei kabla ya kugusa mpira wowote.

Ukisikia harufu kali ya petroli au ukaona chini pamelowa, acha kupiga stata. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na cheche moja inatosha kuulipua. Usukume gari hadi mahali pa wazi, toa terminali ya hasi ya betri, kisha ita fundi. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda, maana maji husambaza moto wa petroli.

Kama hapavuji, bado usichomoe mpira hivi hivi. Mfumo wa nozeli hukaa na presha ya bar 3 hivi, zaidi ya iliyomo kwenye tairi la gari dogo, na hubaki nayo hata gari likiwa limezimwa. Toa fyuzi ya pampu, piga stata sekunde chache ili presha ishuke, toa terminali ya hasi, halafu fungua kiungio ukiwa umekizungushia kitambaa.

Viungio vya plastiki vinavyobanwa kwa mkono ndivyo vinavyosumbua sana. Lazima kilie "ka!" kikiingia, kisha ukivute kurudi nyuma. Kikisogea, hakijashika. Oringi ikiwa imekauka au kupasuka, badilisha. Gundi haisaidii kitu hapo. Mshale ulioko kwenye filta uelekee injini. Mpira wa kwenda na wa kurudi vikibadilishana nafasi, gari halitawaka hata pampu ikiwa mpya. Na mpira wenyewe uwe wa mfumo wa nozeli, wenye maandishi SAE 30R9. Ule wa kabureta hauhimili presha hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja unaowazungusha hata mafundi wazoefu: pampu inalia vizuri, nje hakuna tone, ila kwenye nozeli mafuta hayafiki. Mara nyingi kampira kafupi ndani ya tanki, kanakounganisha pampu na mfuniko wake, kamechomoka au kametoboka. Petroli inazunguka humo humo tankini. Mpira wa kukaa ndani ya mafuta huandikwa SAE 30R10. Ukifungwa wa kawaida utavimba na kupasuka, na gari litarudi gereji lile lile.

Dizeli ina tabia nyingine. Kwa mifumo inayovuta mafuta kutoka kwenye tanki, kiungio kilicholegea huingiza hewa badala ya kuvujisha, kwa hiyo hutaona unyevu. Dalili yake: ukipampu kwa mkono pale kwenye filta gari linawaka, baada ya muda linazima, au asubuhi linagoma tena. Fundi akiweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, mapovu yatajitokeza. Ila bomba za chuma za presha kubwa kwenye dizeli za kisasa usizilegeze injini ikiwa inanguruma. Presha hupita bar 1,000, na mafuta yanaweza kutoboa ngozi. Ukijeruhiwa hivyo nenda hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kadogo kama tundu la sindano.

Ukimaliza kwenye petroli, rudisha fyuzi na terminali, weka swichi ON na kuizima mara 3 au 4 ili mafuta yajae, kisha angalia viungio kabla ya kupiga stata. Gari likishawaka, liache lingurume dakika kumi, halafu pitia kila kiungio tena kwa tochi.