Saa ya Mwalimu

Tangazo lilikuwa na picha nne na sentensi tatu. Seiko 5 ya babu. Ilinunuliwa Mombasa mwaka 1974. Iko Lushoto, bei elfu tisini, haipungui.

Nilikuwa nimetafuta saa ya zamani mtandaoni kwa miezi mitatu, na kufikia hapo nilikuwa nimejifunza kutoamini kitu chochote kinachong'aa. Mara ya kwanza nusura ninunue Seiko yenye uso wa rangi ya machungwa, safi kama imetoka kiwandani jana. Rafiki yangu anayezijua saa aliniambia niitazame tena. Maandishi madogo yanayokaa chini kabisa ya uso, ambayo hutaja aina ya mashine iliyomo ndani, hayakuwapo, na neno Seiko lilikuwa limepinda kidogo. Uso ulikuwa umepakwa rangi upya. Saa za namna hiyo zimejaa mtandaoni, nyingi zikitoka India, Mumbai hasa, ambako mafundi huchukua vipuri vya saa tatu au nne, wakaviunganisha, wakavipaka rangi na kuviuza kama saa moja ya zamani. Zinatembea, hilo sikatai. Ila mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na hati iliyoandikwa juu ya hati nyingine huninyima usingizi.

Hii ya Lushoto haikung'aa hata kidogo. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, na uso wa rangi ya fedha ulikuwa umeanza kuwa manjano pembeni. Nilimwomba muuzaji, kijana wa rika langu, anipigie picha ya mgongo wake. Alituma baada ya siku mbili, akaomba radhi kwamba umeme ulikatika.

Mgongo wa Seiko husomeka kama barua. Kuna namba ya mashine na ya kasha, na kuna namba ya mfululizo yenye tarakimu sita. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho katika mwaka ilipotengenezwa. Ya pili ni mwezi. Hii ilianza na 8, kisha 3. Yaani Machi, mwaka unaoishia na nane. Mashine ilikuwa 7009, nayo ilianza kutengenezwa katika nusu ya pili ya miaka ya sabini na kuendelea hadi miaka ya tisini. Kwa hiyo Machi 1978, au Machi 1988. Vyovyote iwavyo, saa hiyo haikuweza kununuliwa mwaka 1974. Ilikuwa haijazaliwa.

Ningekuwa mnunuzi wa kawaida ningesema huyu ni tapeli, nikaendelea na maisha. Lakini tapeli hubuni hadithi inayopandisha bei, na sikuona kwa nini 1974 iwe na bei kubwa kuliko 1978. Kilichonikaa kichwani ni Mombasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwezi Februari mwaka huohuo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kama saa ni ya 1988, mtu wa Lushoto angeweza kwenda Mombasa kwa basi na kurudi nayo mkononi. Kama ni ya 1978, basi kwa miaka mitano ya mwanzo ya uhai wake Mombasa ilikuwa ng'ambo, na anayetoka huko na saa mpya alikuwa mtu wa magendo, apende asipende. Tarakimu moja ile ile, maisha mawili tofauti.

Kulikuwa na jambo jingine. Katika picha ya tatu dirisha dogo la siku lilikuwa katikati ya kugeuka, na nusu ya neno iliyoonekana ilikuwa ya herufi za Kiarabu. Seiko iliziwekea saa zake gurudumu la siku lenye lugha mbili kulingana na soko: Kiingereza pamoja na Kihispania kwa wengine, Kiingereza pamoja na Kiarabu kwa nchi za Ghuba. Saa hii ilitengenezwa Japani ili ivaliwe Uarabuni. Ilifikaje Usambara?

Kijana alitaka nitume pesa kwanza, naye ataipakia kwenye basi. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ujumbe wa kutuma ile hela kwenye namba hii, kwa hiyo nilimwambia nakuja mwenyewe. Alicheka. "Sawa, dada. Babu atafurahi, wageni siku hizi hawapandi."

Kutoka Dar es Salaam unaufikia mji wa Mombo baada ya mashamba ya mkonge yasiyoisha, halafu gari linakata kulia na kuanza kupanda. Mombo ni mahali pazuri pa kufikiria saa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1905, na reli ni kitu kinachodai dakika. Huko juu, Wajerumani walikuwa na makao ya wilaya waliyoyaita Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, na walowezi wenye mashamba walilalamika kwamba Wasambaa hawataki kibarua. Mwaka 1907 wilaya hiyo ikaleta kadi ya kazi: kila mwanamume alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza angeweza kupelekwa kwenye kazi za serikali. Siku iliyofanyiwa kazi iliwekewa alama kwenye kadi. Kwenye mkonge mtindo huo ulidumu kwa jina la kipande, siku 30 zikijazwa moja moja, hadi wakati wa Waingereza.

Nawaza mara nyingi juu ya kadi hizo. Mwenye kadi alikuwa Msambaa. Aliyeamua kwamba siku imetimia alikuwa mwingine, na mara nyingi huyo ndiye aliyekuwa na saa mfukoni. Saa nyingi za mwanzo zilizopanda milima hii zilipanda na watu wa aina hiyo: afisa, mlowezi, mmisionari, baadaye karani. Kwa babu zetu wengi saa ilikuwa kitu cha mtu anayekungoja.

Kijiji chenyewe sikitaji. Kiko mbele ya Lushoto, safari nyingine ya gari na kisha ya miguu, kati ya kabichi na migomba. Mzee alikuwa ameketi barazani amejifunika koti zito. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza watu wa kwetu hawajambo, mvua ipo huko kwenu, na mwalimu wangu wa historia ni nani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba hakuweza tena kuisoma mishale, ndiyo maana aliamua iuzwe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hili. Kumwambia mzee wa watu, barazani kwake, kwamba mwaka anaousema si kweli! Kwenye maktaba kazi hii ni rahisi. Unaandika kwamba chanzo kinakinzana na ushahidi mwingine, ukaenda kunywa chai. Nikazunguka. Nikamuuliza tu ilikuwaje akanunua saa.

"Ipi?" akauliza.

Mjukuu wake akainua kichwa kutoka kwenye simu.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza aliinunua Mombasa mwaka 1974 kwa mshahara wake wa mwanzo, alipokwenda kumtembelea shangazi yake. Mwaka huohuo chama kilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aende shule ya msingi. Madarasa yakajaa, vijana waliomaliza la saba wakafundishwa ualimu kazini, na shuleni kwake saa ya mkono wake ikawa ndiyo saa ya shule. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Mtoto wa zamu alikuja kumtazama usoni, yeye akatazama mkono, akatikisa kichwa, rimu ikagongwa. Akina mama waliokuwa shambani walipanga chakula cha mchana kwa mlio huo. Nilipomwambia kwamba basi alikuwa nyapara wa kijiji kizima, alikataa kwa ukali kidogo. Nyapara hakuambii saa ngapi, alisema, anakuambia bado.

Saa hiyo ya kwanza ilichukuliwa mwaka wa vita, mpakani, upande wa Umba, alipokwenda kufuata sabuni na nguo. Ni nani aliyeichukua hakunieleza, nami sikudadisi. Akakaa mwaka mzima bila saa, rimu ikigongwa kwa kukisia jua, na Usambara jua lenyewe huweza kushinda ndani ya ukungu. Ya pili ililetwa na shemeji yake, mtu wa Pemba, aliyekuwa na ndugu Muscat. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipoingia madarakani, Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihamia huko, na vitu vidogo vikaanza kurudi mikononi mwa watu: kitambaa, redio, saa. Saa ilivuka kwa jahazi hadi Tanga. Mpaka bado ulikuwa umefungwa, alisema, la sivyo angekwenda tena Mombasa mwenyewe.

Ikawa hivyo. Machi 1978. Wala namba peke yake isingenifikisha hapo, wala mzee peke yake, maana kwa miaka yote hiyo saa mbili zilikuwa zimeungana katika masimulizi ya nyumbani, na mjukuu alikuwa amerithi moja tu.

Ndipo akaniomba niitikise. Mashine ya 7009 haijazwi kwa kuzungushwa. Unaipa mwendo na inaamka. Akaniagiza niipange: saa kumi kwenye 10. Nilidhani ameteleza. Kwenye simu yangu ilikuwa 16:00, na sisi sote tumezoea kusoma 4 tukatamka kumi, bila hata kujua kwamba tunajumlisha. Yeye hakuwahi kukubali. Aliitega saa yake ili mshale uonyeshe kile ambacho mdomo unasema, na zaidi ya hapo aliitega ili tarehe igeuke kwenye 12 ya jioni, si ya asubuhi. Jua likizama, dirisha dogo linaanza kusogea, na siku mpya inaingia, kama ilivyokuwa tuliposema usiku wa Ijumaa tukimaanisha usiku unaoitangulia Ijumaa. Saa iliyotengenezwa Japani kwa soko la Uarabuni ilikuwa imekaa miaka zaidi ya arobaini mlimani ikihesabu siku kuanzia magharibi, na ndiyo sababu picha ya tatu, iliyopigwa kibarazani kwenye mwanga wa jioni, ilinionyesha siku ikiwa katikati ya kugeuka.

Nililipa elfu tisini kwa simu, mjukuu akausoma ujumbe kwa sauti ili babu asikie. Mzee akaishika saa mara moja zaidi, akaisogeza sikioni, akanirudishia.

"Soma," akasema.

"Kumi na dakika kumi na mbili."

"Gari la mwisho linashuka kumi na moja. Ondoka sasa, mwanangu, hapo kwenye mteremko pana utelezi."