Saa zenye khanjari usoni: zilikotoka, na vipi kuzitunza



Siku hizi kijana akinunua saa, kabla hajaifunga vizuri mkononi keshaipiga picha na kuwapelekea wenzake. Nao humjibu "mabruk", kisha maswali yanaanza: ya mwaka gani, umeipata kwa nani, umetoa kiasi gani? Hapa Ghuba mchezo huu umeshika kweli kweli, na wala siulaumu, kwani sisi tulipokuwa vijana tulikunja mikono ya shati makusudi ili saa ionekane. Lakini katika maonyesho hayo ipo saa moja ikitokea watu wote hunyamaza kwanza. Ni ile yenye alama ya Oman usoni: khanjari juu ya panga mbili zilizopishana. Sisi wa pwani tumezoea kusema jambia.

Nimeandika makala haya kwa sababu baadhi ya saa hizo zimo majumbani mwetu, kwa Waswahili wa Maskati, Dubai na kwengineko, ndani ya makabati na mikoba ya marehemu, na walionazo hawajui ni kitu gani.

Sultan Qaboos bin Said alishika utawala tarehe 23 Julai 1970. Wakati huo vita vya Dhofar, vilivyoanza 1965, vilikuwa bado vinawaka. Vilitangazwa kumalizika Disemba 1975. Katika miaka hiyo na iliyofuata, saa ziliagizwa kutoka Uswisi kupitia duka la Asprey la London, duka la zamani lililoanza 1781, na kwenye nyuso zake ikachapwa khanjari. Hazikuwa za kuuzwa. Zilikuwa zawadi kwa maofisa wa jeshi, wakiwemo Waingereza waliopigana Dhofar, kwa watumishi na kwa wageni. Zinazojulikana zaidi ni za Rolex: Sea-Dweller ya namba 1665, GMT-Master ya namba 1675, Day-Date za dhahabu, na zile Daytona zenye nyuso ndogo tatu ndani ya uso mkubwa. Patek Philippe nao walitengeneza. Khanjari yenyewe hutofautiana: nyengine ya dhahabu, nyengine nyekundu, nyengine kijani; mara huwa juu chini ya tarakimu ya 12, mara huwa chini juu ya 6. Zipo zisizo na khanjari, bali zina jina la Qaboos kwa mwandiko wa Kiarabu kama sahihi. Na zipo ambazo uso wake ni wa kawaida kabisa, alama imechongwa kwenye mfuniko wa nyuma.

Majirani nao walifanya hivyo. Imarati kulikuwa na saa zenye mwewe wa Kikureshi, alama ya dola hiyo tangu 1973 mpaka ilipobadilishwa 2008. Mwenye saa ya mwewe huyo asome haya yote kama yameandikwa kwa ajili yake.

Sasa, zilifikaje kwetu? Jibu halihitaji utafiti. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 jamaa wengi wenye asili ya Oman walitawanyika, na baada ya 1970 Sultan aliwaita Waomani walioko nje warudi. Waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, wanajua kuandika barua ya serikali na kuweka faili. Waliingia maofisini, jeshini, polisi, mahospitalini na maskulini. Mtu aliyetumikia vizuri, siku ya sherehe akaitwa na kupewa kiboksi. Wengine walipewa saa za bei kubwa, wengine za bei ya kawaida zenye alama ile ile. Mzee akaivaa Idi mbili, akaiweka.

Mimi nilikuwa karani tangu kumaliza skuli ya misheni mpaka kustaafu, na mtu wa faili huangalia mambo kwa jicho la faili. Kwangu mimi uso wa saa ni hati. Mashine ya ndani ya Rolex yenye khanjari ni ile ile ya Rolex isiyo na khanjari. Chuma ni kile kile, kioo ni kile kile. Kinachoitofautisha ni ule wino mdogo, pungufu ya ukucha wa kidole kidogo, na habari za aliyeipokea. Ukiufuta wino na kuzisahau habari, umebaki na saa tu.

Asiyeamini na aitazame saa ya Paul Newman, yule mcheza sinema wa Marekani. Ilikuwa Daytona ya chuma, namba 6239, aliyonunuliwa na mkewe Joanne Woodward, nyuma imechongwa maneno ya kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu. Mwaka 1984 akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Tarehe 26 Oktoba 2017 iliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 17.75. Chuma kitupu hakiwezi kufika bei hiyo. Walichokinunua ni mnyororo wa mikono ambao kila pete yake ilikuwa na ushahidi.

Nitasimulia na la kwetu, bila kumtaja mtu. Familia moja ninayoijua vizuri ilikuwa na saa ya khanjari ya babu yao, uso umeingia manjano, kioo kimekwaruzika. Ikakaribia harusi ya mjukuu, wakataka bwana harusi aivae, wakaipeleka dukani ikasafishwe. Ikarudi inametameta. Uso mweupe, mpya, hauna hata doa, na hauna khanjari. Fundi alipoulizwa alisema ule wa zamani ulikuwa umechakaa akautupa, na kwa kweli alidhani amewatendea wema. Bibi, ambaye ndiye aliyeikumbuka siku ile saa ilipoletwa nyumbani, aliishika, akaigeuza, akairudisha mezani bila ya kusema neno. Bwana harusi aliivaa hivyo hivyo.

Hapa pana jambo ambalo vijana hulikosea: huona khanjari wakadhani saa imetengenezwa Oman, au huona maandishi ya Uswisi wakadhani khanjari ni ya uwongo. Alama haisemi kitu kilizaliwa wapi, husema kilipitia mikono ya nani. Mfano wa binadamu tunao. Kule Chatsworth, Durban, ipo jamii ya Waislamu wanaoitwa Wazanzibari. Wazee wao waliteremshwa Durban kuanzia 1873, watumwa waliokombolewa na manowari za Kiingereza, na wengi wao asili yao ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, si Unguja. Jina la Zanzibar lilitokana na njia waliyopitia. Miaka ya 1960 mwanzoni, serikali ya ubaguzi ilipowahamisha kutoka King's Rest, upande wa Bluff, ni jina hilo na dini yao vilivyofanya waandikwe katika fungu la Waasia na kupelekwa Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi, badala ya kupelekwa na Waafrika wengine. Neno moja kwenye karatasi liliamua mtu atalala wapi. Basi msidharau alama ndogo.

Tuje kwenye kuzitambua, maana palipo na asali nzi hawakosi. Kwa kuwa khanjari huongeza bei, wapo wanaoichapa leo kwenye uso wa miaka hamsini iliyopita. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Chapa ya kiwandani ina kingo safi, na vitu vidogo kama mpini na mkanda wa khanjari huonekana kimoja kimoja. Ya kughushi huwa bonge la rangi. Wino wa khanjari uzeeke sawa na wino wa jina la kiwanda. Ikiwa herufi zimefifia na khanjari ni mbichi, uliza maswali.

Kisha tazama chini kabisa ya uso, pembezoni mwa 6. Ukiona herufi T kabla na baada ya neno la Uswisi, ile rangi ya kung'aa gizani ni ya tritiamu, iliyotumika tangu miaka ya 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1990. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Saa ya 1975 basi imebakiwa na sehemu ndogo sana, na usiku inapaswa kuwa karibu kipofu. Ikikuwakia kama taa, akrabu zimebadilishwa au uso umepakwa upya. Saa za kabla ya hapo zilipakwa radiamu, ambayo haipungui nguvu katika umri wa mtu. Hizo usizifungue mwenyewe wala kumwachia mtoto akwangue.

Wengi mtasema, sisi hatuna Rolex, tuna Seiko ya baba. Vizuri, kwa sababu Seiko 5 ndiyo saa ya kweli ya watu wetu. Ilianza 1963, haitiwi ufunguo, hujijaza kwa mwendo wa mkono, na zilizoletwa huku zilionyesha siku kwa Kiarabu na Kiingereza. Igeuze nyuma. Utaona tarakimu nne, kistari, na tarakimu nyengine; zile nne za mwanzo ni jina la mashine. Namba 6119 ni ya mwisho wa miaka ya 1960 na miaka ya 1970. 7009 ilifuata kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. 7S26 ilianza 1996. Pana na namba ya pekee yenye tarakimu sita: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Mashine 7009 na namba inayoanza na 38 ni Agosti 1983, au Agosti 1993 kwa aliyechelewa kununua. Oktoba, Novemba na Disemba huandikwa O, N na D. Halafu itazame tena mbele, kwenye ukingo wa chini wa uso, kwa maandishi ya chungu: tarakimu nne zile zile za mashine ziwepo. Saa nyingi za mitumba zinazotoka Bombay na kwengineko zimepakwa rangi upya, nyekundu na buluu ambazo kiwanda hakikupata kuziona, na maandishi hayo ama hayapo ama hayakubaliani na mgongo. Kuvaa si dhambi. Kulipia bei ya saa asilia ndiko kubaya.

Jambo jengine: mkiangalia picha ya zamani ya mzee na saa yake, msikimbilie kusema picha ilipigwa saa ngapi. Skulini tulifundishwa kwamba akrabu ndogo ikiwa kwenye 9 ni saa tisa. Nyumbani ile ile ilikuwa saa tatu, tunasoma tarakimu ya upande wa pili. Tulikuwa na vichwa viwili na havikugombana. Wazee wa Bara Arabu walikuwa na mtindo wao: saa hurekebishwa kila siku jua likizama, akrabu zikawekwa 12. Asili ya hesabu hizo ni moja, kwamba siku huanza magharibi. Ila Unguja, karibu na ikweta, kuchwa kwa jua hakubadiliki sana kwa mwaka mzima, ni nusu saa au zaidi kidogo, kwa hiyo tofauti ya saa sita ilitosha na hapakuwa na haja ya kugusa saa. Maskati jua huzama kiasi cha saa kumi na moja na dakika ishirini mwezi wa Disemba, na karibu saa moja usiku mwezi wa Juni. Hapo lazima uigeuze. Kwa hivyo saa ya babu yako kwenye picha inaweza kuwa inafuata hesabu yoyote kati ya tatu.

Mwenye saa ya namna hii afanye haya. Ampeleke fundi mashine tu, na kwenye risiti iandikwe kwa mkono: uso usiguswe, kasha lisisuguliwe, vipande vyote vya zamani virudishwe. Kiboksi, risiti ya Asprey, barua ya pongezi, picha ya mzee akiwa ameivaa, vyote vitiwe bahasha moja na saa. Na kabla aliyebaki hajafariki, mtu akae naye na kalamu: alipewa nani, mwaka gani, wapi, kwa kazi gani, nani alikuwepo. Majina kamili, si "Baba Juma". Tarehe, na sahihi ya anayesimulia. Ukitaka kuwaonyesha wenzako picha, onyesha. Lakini namba ya pekee ifunikwe, kwa sababu wezi nao wanatazama, na waghushi huhitaji namba za kweli.

Na kama uso ulishabadilishwa, usikate tamaa siku hiyo hiyo. Rudi kwa fundi yule yule, umuombe akutafutie. Mafundi wengi wa zamani hawatupi kitu. Wana kopo la tambi au la biskuti chini ya meza, limejaa nyuso, akrabu na vifuniko vya miaka thelathini, na kwa chai ya maziwa hukuachia ulipekue mwenyewe.