Thamani ya Jina la Mtaa: Hisia za Mnunuzi na Bei ya Nyumba Dar es Salaam

Mthamini huichambua nyumba sifa moja moja: ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba, umri wa jengo, umbali wa barabara. Tangu Sherwin Rosen aweke msingi wa kinadharia wa njia hiyo mwaka 1974, kila sifa huchukuliwa kuwa na bei yake ndani ya bei ya jumla. Kinachobaki bila maelezo huitwa hisia, kikawekwa kando. Hoja yangu ni kwamba, Dar es Salaam angalau, sehemu kubwa ya masalia hayo ni historia ya jinsi jiji lilivyogawanywa.

Tuwasikilize madalali, maana ndio wanaoshinda na wanunuzi. Kabla ya vyumba dalali hutaja mtaa: pametulia, pamechangamka, ni ushuani, ni uswahilini lakini barabarani. Maneno hayo hayana kipimo, ila mnunuzi huyaelewa papo hapo na mfuko wake huitika. Yana historia, lakini: kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 ilianza kutenga kanda kwa aina ya majengo. Waingereza wakaurithi mgawanyo huo, na jiji likawa na uzunguni, uhindini na uswahilini. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na katikati ya mji. Oysterbay, yenye viwanja vipana na upepo wa bahari, ilipangwa kwa ajili ya Wazungu. Baada ya Uhuru waliingia vigogo wapya, na uzunguni pakabaki uzunguni hata Wazungu walipoondoka.

Kuna pingamizi la haki: huko kuna lami, mitaro na viwanja vilivyopimwa, kwa hiyo kinacholipiwa ni huduma. Sandra Black, katika utafiti wake wa mwaka 1999, alilinganisha nyumba za pande mbili za mipaka ya shule katika jimbo la Massachusetts, akaona wazazi hulipa takriban asilimia 2.5 zaidi pale alama za mitihani zinapozidi kwa asilimia 5. Mapenzi ya mtaa, basi, mara nyingi ni hesabu. Nakubali. Lakini kwetu lami na mitaro vilifuata kanda zilezile za kikoloni. Anayelipia huduma analipia na jina, apende asipende.

Mfano ulio mgumu zaidi uko bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoikumba Jangwani na maeneo mengine ya bonde la Msimbazi, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Baadhi yao waliviuza wakarudi palepale penye maji. Tuliwaita wakaidi, na mimi nilikuwamo katika kuwaita hivyo. Hata hivyo, kutoka Jangwani mtu hufika Kariakoo kwa miguu. Wateja wa maandazi wanamjua, muuza duka humkopesha unga, jirani humwangalizia mtoto anapokwenda kuhangaika. Ukiyaita hayo hisia utakuwa umekosea kidogo tu, maana kweli mtu hupapenda mahali panapomlisha. Lakini upendo huo una hesabu ndani yake, na soko huijua.

Muuzaji naye ana yake. David Genesove na Christopher Mayer walionyesha mwaka 2001 kwamba wenye nyumba za Boston waliokabiliwa na hasara walidai bei ya juu kuliko wenzao, wengine nyumba zikawadodea. Kwetu nyumba ya urithi huandikwa rangi ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo humfukuza tapeli, na huwanyamazisha ndugu wenye haraka.

Hesabu hizi hugusa hata fidia ya anayehamishwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Mthamini wa bondeni anayeandika matofali na mabati peke yake hajaifikia haki hiyo. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja posho ya usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea. Mstari wa ujirani haumo.