Nani Alipanga Bei ya Kahawa ya Mchaga?

Vijana wanaoanzisha kampuni siku hizi hufundishwa upangaji wa bei kwa mifano ya California. Si vibaya. Lakini miteremko ya Kilimanjaro ilikwisha kulipa ada ya somo hilo miaka karibu tisini iliyopita.

Arabika ilikuwa bidhaa mpya kwa mkulima wa Kichaga. Ilipandwa kwanza na wamisionari na walowezi, kisha Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya, akawahimiza wenyeji kuipanda katikati ya migomba yao. Walowezi hawakupendezwa: waliwataka Waafrika wazuiwe, kwa hoja kwamba wangeeneza magonjwa ya mibuni. Mwaka 1925 wakulima waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Chama kilipambana na wadudu na magonjwa ya mibuni, kikatetea haki ya kulima, na baadaye kikashughulikia mauzo. Yaani bidhaa, ubora wake na soko lake vilijengwa kwa pamoja, na watu waliokuwa wakitishiwa kunyang'anywa biashara yenyewe.

Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi, chini ya meneja Mzungu, A. L. B. Bennett. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mkulima hupokea malipo ya awali anapoleta kahawa, na salio baada ya mauzo na makato. Hivyo muungano haukulazimika kukisia bei ya dunia. Lakini tazama nani alibeba hatari. Bei ikiporomoka, kama ilivyoporomoka katika mdororo wa miaka hiyo, anayepungukiwa ni mkulima, huku gharama za uendeshaji zikikatwa kwanza.

Juu ya hayo, serikali ilimlazimisha mkulima kuuza kupitia KNCU pekee. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kosa lilipo. Mteja au mzalishaji huvumilia bei mbaya anapoweza kuikataa. Akinyimwa njia ya kutokea, kila senti inayokatwa humfanya aulize imekwenda wapi. Mwaka 1937 swali hilo liligeuka ghasia: maghala ya vyama vya msingi yalivamiwa, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakahamishwa kwa nguvu kutoka nyumbani kwao. Maofisa waliona fitina. Wakulima walikuwa wakidai hesabu.

Muungano ulinusurika, ukastawi bei zilipopanda miaka ya 1950, ukavunjwa na serikali huru mwaka 1976, ukarejeshwa miaka ya 1980. Leo katikati ya Moshi unaendesha mkahawa wake, unaouza kahawa iliyokwisha kukaangwa. Hiyo ni bidhaa ambayo bei yake huandikwa Moshi kwenyewe. Sehemu kubwa ya kahawa ya mlimani, hata hivyo, bado huondoka mbichi, na bei yake hufuata soko la New York.