Turnua ya game katika kartie: ruhusa inatoka kwa nani?

Jumamosi mangaribi, iwe Bukavu, Goma ao Lubumbashi, utaikuta hali ile ile. Sale moja ndogo, ekrani mbili ao tatu, jenereta inanguruma nje juu umeme umekatika, na vijana wamejipanga kwa turnua ya mpira wa PlayStation. Kila mmoja ametoa franga za kuingia. Mshindi atapata kikombe na pesa kidogo. Mlangoni kuna banderoli ya muuza simu aliyesaidia kulipa essence, na kijana mmoja ameshika telefone, anapitisha mechi kwa direkti kwenye Facebook.

Mwenye kupanga turnua aliomba ruhusa kwa mwenye sale. Pengine alipita hata kwa shefu wa kartie. Lakini kuna mmoja ambaye hakuulizwa, na kisheria ndiye mwenye neno kubwa: kampuni iliyotengeneza game.

«Mimi niliinunua game, konsoli ni yangu, nani ataniuliza?» Karibu kila mtu anajibu hivyo, na si jibu la ujinga. Tumezoea mpira wa miguu, na mpira wa miguu hauna mwenyewe. FIFA iko na Kombe la Dunia, iko na jina lake, lakini haina mpira wenyewe. Ukitaka kupanga mechi za kartie kwenye uwanja wa shule, hauandikii mtu Zurich. Game ya video ni kitu kingine. Ni kazi ya watungaji, sawa na filamu ao wimbo, na iko na mwenyewe. Ukinunua diski unapata haki ya kucheza. Kuicheza mbele ya watu waliolipa, kuipitisha kwa direkti, kubandika jina la sponsa pembeni, hizo ni haki zingine ambazo zinabaki kwa mwenye game. Ni kama vile kununua DVD hakukupi ruhusa ya kufungua sinema.

Hata kwetu kazi za watungaji ziko na ulinzi: kuna Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 aprili 1986 juu ya haki za watungaji. Tena inchi yetu iko ndani ya Mkataba wa Berne tangu 1963, maana yake kazi ya mgeni inalindwa hapa kama ya mwenyeji.

Wakorea walivyojifunza

Mfano mkubwa wa ugomvi huu unatoka Korea ya Kusini. Kule, game ya StarCraft ya kampuni ya Kimarekani Blizzard, iliyotoka 1998, iligeuka mchezo wa taifa. Televisheni zilikuwa zinaonyesha mechi zake na wachezaji walijulikana kama nyota wa mpira. Kazi hiyo yote ilijengwa na Wakorea wenyewe. Katika 2007, chama chao, KeSPA, kiliuzia televisheni mbili haki ya kuonyesha mechi. Blizzard ikauliza: munauza nini, na ni ya nani? Mazungumzo yalivutana mpaka 2010 bila kupatana. Blizzard ikapa haki hizo kampuni nyingine, GomTV, na ikashitaki televisheni ya MBC mahakamani. Mambo yalimalizika kwa mapatano katika mwezi wa tano 2011, na wale waliojenga mchezo huo inchini mwao wakakubali kucheza na ruhusa ya mwenye game.

Tangu hapo kampuni nyingi zimeona haiwezekani kujibu barua ya kila sale. Kwa hiyo zinaandika ruhusa ya jumla: ukibaki ndani ya mipaka hii, panga turnua yako, hauna haja ya kutuomba wala kutulipa. Ukivuka, tuandikie. Mambo yote yako katika hiyo mipaka.

Mipaka yenyewe

Tuangalie ya Nintendo, juu ni kali na imeandikwa wazi. Ilianza kufanya kazi tarehe 15 novemba 2023. Turnua ya watu kukutana sehemu moja isipite wachezaji 200. Ya intaneti isipite 300. Zawadi zote pamoja zisipite dola 5.000. Mchezaji asilipishwe zaidi ya dola 20, mtazamaji asilipishwe zaidi ya dola 15, na pesa hizo ni za gharama na zawadi, si za faida. Jina la game ao la kampuni lisiingie katika jina la turnua. Game isibadilishwe, konsoli pia.

Kwa sale zetu hesabu hizo hazitishi. Nani hapa amewahi kugawa dola 5.000? Kinachouma ni mambo mawili mengine: hakuna sponsa, na hakuna kuuza chakula, kinywaji ao nguo pale pa turnua. Ndiyo maana niliitaja banderoli ya muuza simu. Katika miji ambamo bei ya kuingia inaweza kuwa franga elfu moja ao mbili, turnua haiishi kwa tiketi. Inaishi kwa sponsa, na kwa mama anayeuza mandazi na sukre mlangoni. Kanuni iliyoandikwa kwa kuzuia matajiri wasile jasho la kampuni inamgusa kwanza yule asiye na kitu. Hilo si kosa la sheria ya haki za watungaji. Ni uchaguzi wa kampuni, na kampuni zingine zimechagua tofauti. Riot, wenye game ya Valorant, walipotoa kanuni zao katika 2020 waliweka ngazi tatu: turnua ndogo yenye zawadi chini ya dola 10.000 inaendeshwa kwa ruhusa ya jumla. Ya kati, mpaka dola 50.000, na kubwa zaidi ya hapo, zinapita kwa maombi.

Usifikiri mipaka hii ni maneno ya karatasi tu. Katika 2013 Nintendo ilijaribu kuzuia mashindano ya Evo, huko Marekani, yasipitishe kwa direkti mechi za Super Smash Bros. Melee, game ya 2001. Wachezaji walipiga kelele, na kampuni ikarudi nyuma kabla siku haijaisha. Novemba 2020 haikurudi nyuma: turnua ya The Big House, iliyopaswa kufanyika kwa intaneti juu ya korona, ilifungwa juu ilitumia Slippi, programu ya kuchezesha Melee kwa intaneti ambayo haikutoka kwa kampuni. Novemba 2022 ikafuata Smash World Tour. Waandaaji walisema walikuwa katika mazungumzo na Nintendo mwaka mzima, halafu wakaambiwa hawawezi kuendelea bila lisansi. Fainali ikafutwa siku chache kabla, watu wamekwisha kulipa ndege na hoteli.

Na hapa kwetu?

Tuseme kweli: kampuni ya Kyoto haitatuma wakili Kadutu juu ya turnua ya vijana ishirini. Hatari inakuja kwa njia zingine. Ya kwanza ni Facebook na YouTube, ambako video inaweza kuondolewa, ukurasa ukafungwa, na kazi ya miaka miwili ikapotea usiku mmoja. Ya pili inakuja pale turnua inapokua. Siku utakapoenda kuomba kampuni kubwa ya simu ao ya bia ikusaidie, mtu wa sheria kule ndani anaweza kuuliza: karatasi ya mwenye game iko wapi? Kama hauna jibu, pesa zinaenda kwa mwingine.

Kuna pia mambo yetu ya kila siku. Konsoli nyingi za sale zimepigwa flash ili zisome game za kopi. Ruhusa ya jumla haifuniki kopi, hata turnua ikiwa ya bure. Akaunti nazo ni shida, na hapa kosa si letu peke yetu: katika Afrika kusini ya Sahara, Sony imefungua PlayStation Network rasmi Afrika Kusini tu. Kijana wa Kongo anajiandikisha kama mkaaji wa Johannesburg ao wa Paris, na tangu siku ya kwanza amekwisha kuvunja kanuni. Dunia iliiona shida hiyo katika mwezi wa tano 2024. Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti yake, game hiyo iliondolewa sokoni katika inchi zaidi ya 170. Kelele zilikuwa nyingi, na Sony ikaacha mpango huo.

Angalia pia afishi. Vijana wangali wanaandika «Turnua ya FIFA», lakini EA na FIFA waliachana. FIFA 23 ndiyo ya mwisho, na tangu septemba 2023 game inaitwa EA Sports FC. Ukiandika FIFA unatumia jina la mtu wa tatu, asiye hata mwenye game. «Kombe la vijana wa Ibanda» inatosha, halafu chini, kwa herufi ndogo, utaje game inayochezwa na uandike kwamba kampuni yake haikupanga wala haikudhamini turnua hii.

Kuhusu kampuni za kubeti, ambazo siku hizi ndizo zinakuja mbio na pesa: usipokee kabla ya kusoma. Kanuni za Riot za 2020 zilizikataa kama sponsa, na kampuni nyingi zingine hazitaki game yao isimame karibu na kamari. Hata ile desturi ya wachezaji wawili kuwekeana pesa mezani, mshindi abebe zote, usiiingize katika turnua yenye jina lako.

Kanuni zenyewe ziko kwenye ukurasa wa kila kampuni, mara nyingi kwa Kiingereza, mara zingine kwa Kifaransa. Tafuta jina la game pamoja na «community tournament guidelines». Angalia inchi zinazotajwa mwanzoni, halafu sponsa, halafu zawadi. Kama Kongo haitajwi, waandikie email fupi: tarehe, mji, idadi ya wachezaji, bei ya kuingia, zawadi, nani anasaidia. Wakijibu, chapisha jibu. Wasipojibu, chapisha barua yako. Na ukurasa wa kanuni uchapishe siku ile ile unayofungua maandikisho, uandike tarehe juu yake, juu kampuni inaweza kuzibadilisha wakati wowote, halafu weka karatasi hizo pamoja na ile ya komine.